Nasaba Yapimwa kwa Mate, na Utu Je?

KUNA mambo mawili ambayo sikutaraji kuyasikia yakizungumzwa katika baraza moja, jioni moja, kwa kahawa ya dele moja: upimaji wa asili ya mtu kwa mate yake, na nyimbo za mahipi. Lakini Lamu ni Lamu. Nilikwenda huko kwa mazishi ya jamaa yetu, na siku ya khitma, tulipokwisha kusali alasiri, tukakaa nje ya nyumba kama ilivyo ada. Alikuwapo ami yangu, mzee aliyepita miaka 80. Alikuwapo jirani yake, nahodha mstaafu, na kando yake redio ya kaseti ambayo haiachi hata akenda msikitini. Alikuwapo pia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuja kutoka Uingereza anakofanya kazi ya uuguzi.

Mpwa ndiye aliyechokoza nyuki. Alitoa simu yake akasema, "Mjomba, nimepima asili yangu. Nikusomeeni?" Akasoma. Zaidi ya nusu ya asili yake, kwa mujibu wa kipimo, ni ya Afrika; sehemu ya Arabuni, sehemu ya Uajemi, na kidogo ya Bara Hindi.

Ami alinyamaza. Kisha akasema, "Hiyo itakuwa ni damu ya upande wa babako."

"La, babu," akajibu kijana kwa adabu. "Na mama pia nimempima. Ni vivyo hivyo."

Nilitamani kucheka, lakini niliutazama uso wa ami nikaona kwamba hapakuwa na kicheko. Aliniambia mimi, si yeye: "Mwambie mwanao ayafute hayo. Sisi tuna shajara yetu." Na kweli shajara ipo. Imetiwa katika kioo na kutundikwa ukumbini, imeandikwa kwa khati nzuri ya Kiarabu, majina 14, kutoka kwa marehemu babangu hadi kwa mtu aliyetoka Hadhramaut. Majina yote 14 ni ya wanaume.

Hapo nahodha, ambaye hapendi ugomvi, akabonyeza redio yake. Ikatoka sauti ya gitaa na Mzungu akiimba taratibu. Kaseti hiyo aliachiwa na hipi mmoja katika miaka ya sabini, badala ya nauli ya kupelekwa Manda na kurudishwa. "Hawa," akasema nahodha, "walikuwa hawataki hata kuwajua baba zao. Na leo wajukuu wao wauza mate ili waambiwe babu zao ni nani."

Baraza zima likacheka, hata ami. Lakini neno lile halikuniacha hata niliporejea Mombasa, nami naona lina mafunzo kwetu sisi watu wa pwani.

Walioikimbia nasaba

Vijana wa leo huenda hawajui kwamba mwishoni mwa miaka ya sitini na katika miaka ya sabini Lamu ilikuwa moja ya vituo vya mahipi duniani, kama vile Kathmandu kule Nepal na Goa kule India. Walishuka Mokowe kwa basi, wakavuka kwa mashua na mifuko mgongoni, nywele mabegani, na wengine miguu mitupu. Walipanga vyumba vya juu, wakalala madarini, wakapiga magitaa yao hadi usiku. Mimi niliwaona wa mwisho wao tu, nikiwa mtoto wa chuoni ninayehifadhi Juzuu Amma. Mwalimu wetu akituamuru tuinamishe macho wanapopita, kwa sababu nguo zao aghalabu hazikutosha. Nasi tuliinamisha macho, lakini masikio tuliyaacha wazi.

Watu hao walitoka wapi? Walikuwa watoto wa nyumba za shibe za Marekani na Ulaya, waliokasirishwa na vita vya Vietnam na maisha ya baba zao ya kazi, gari na nyumba. Mwaka 1967 walikusanyika San Francisco kwa maelfu. Mwaka 1969, mwezi wa Agosti, kiasi cha watu 400,000 walikusanyika katika shamba moja la ng'ombe wa maziwa huko Bethel, Jimbo la New York, katika tamasha lililoitwa Woodstock. Mvua ikanyesha, chakula kikapungua, nao wakakaa kwenye matope wakisikiliza muziki, hata Jimi Hendrix alipofunga kazi Jumatatu asubuhi wakati wengi walikwisha kwenda zao. Madai yao yalikuwa kwamba binadamu ni mmoja, na kwamba ukoo, taifa na rangi ni minyororo ya kukatwa.

Haki ni haki: nyimbo zao nyingine ni nzuri, na wito wao wa amani ulikuwa wa kweli. Lakini wazee wa Lamu waliowachukia hawakuwa wajinga, kama walivyodhaniwa. Waliona bangi ikiingia kwa vijana, waliona watu uchi pwani karibu na msikiti, na waliona jambo moja zaidi: kwamba umaskini kwa mgeni yule ulikuwa vazi tu. Mfukoni alikuwa na pasipoti na tikiti ya kurudia. Hata Ravi Shankar, bingwa wa sitar ambaye mahipi walimfanya kama sheikh wao, alichukizwa waziwazi na tabia ya kuvuta bangi mbele ya muziki wake, kwa kuwa kwake muziki ule ulikuwa ibada.

Na juu ya muziki huo, kuna la kuchekesha. Mwaka 1965 kijana George Harrison wa Beatles alipiga sitar katika sahani yao moja, na vijana wa Ulaya wakaona kwamba muziki wa mashariki umegunduliwa. Sisi Mombasa tulikuwa tukila na kulala na sauti za mashariki. Tashkota, asili yake Japani, ilitufikia kwa njia ya Bara Hindi, na ikawa ni mwenyeji katika taarabu yetu. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kimvita kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na hakuna aliyemwuliza sauti hiyo ni asilimia ngapi ya nani. Marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016, alipiga udi wa Kiarabu na kuifufua miondoko ya ngoma zetu za kale ndani yake. Ukiipima taarabu mate, utakuta Arabuni, India, Japani na Afrika. Lakini ukiisikia, wasikia pwani tu. Mbona twaweza kulikubali hilo masikioni na kulikataa mwilini?

Mate katika kichupa

Kwanza tuelewe kipimo chenyewe. Mtu hutema mate katika kichupa, akakitia katika posta, kikapelekwa maabara. Huko hutazamwa vinasaba vyake, yaani zile chembe ambazo mtoto hurithi kwa wazazi. Mamia ya maelfu ya nukta ndani ya vinasaba hivyo hulinganishwa na zile za watu wanaojulikana asili zao, kisha kampuni ikakadiria: kiasi hiki chafanana na watu wa huku, kiasi hiki na watu wa kule. Ni makadirio. Kampuni ikipata watu wengi zaidi wa kulinganisha, hesabu hubadilika, na mtu aliyelala akiwa na sehemu ya Uajemi huamka hana. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja pia hupata hesabu tofauti, kwa kuwa kila mmoja alirithi fungu lake.

Pana na hatari. Kampuni moja kubwa ya Marekani katika kazi hiyo, 23andMe, iliibiwa habari za wateja wake kiasi cha milioni 6.9 mwaka 2023, na mwezi wa Machi 2025 ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Mali yake kubwa ya kuuzwa ilikuwa ni hayo hayo mate ya watu. Ukitoa mate yako, umetoa pia ya nduguyo na ya mwanao ambaye hakuulizwa.

Na sisi Waislamu tuna mipaka yetu. Nasaba kwetu huthibiti kwa ndoa, wala haitenguliwi kwa dhana. Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lilikwisha kutoa uamuzi mwaka 2002 kwamba kipimo cha vinasaba hakiwezi kutumiwa kumkana mtoto wa ndoa badala ya liani. Basi asitokee mtu akakibeba kichupa cha mate kwenda kubomoa nyumba za watu.

Hayo nimesema ili nisidhaniwe kuwa mpiga debe wa kampuni hizo. Lakini kukataa chombo si sawa na kuikataa habari.

Mifupa ya Mtwapa na Manda

Habari yenyewe imekwisha toka, na haikutoka kwa mpwa wangu. Mwaka 2023 jarida la kisayansi liitwalo Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, baina ya mwaka 1250 na 1800. Miji yenyewe twaijua: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Miongoni mwa wakuu wa kazi hiyo ni Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzetu, aliyechimba magofu ya pwani kwa miaka mingi.

Walikuta nini? Kwamba kwa wengi wa watu wale wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, na hasa kwa upande wa kina mama. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na katika hiyo, baina ya 80 na 90 kwa mia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, pamoja na kiasi cha Bara Hindi. Kuchanganyika huko kulianza kufikia kiasi cha mwaka 1000, wakati ule ule Uislamu ulipokuwa ukienea pwani. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Arabuni ndiyo iliyozidi kuingia.

Tazama jinsi habari hiyo inavyowasuta watu wote kwa zamu. Wale waliotucheka kwamba hadithi ya Washirazi ni ndoto ya watu wanaoukana Uafrika, imewasuta: wazee wetu wa Kilwa walioyaandika hayo hawakusema uongo. Na wale wanaodai kwamba sisi ni Waarabu watupu tuliodondoka Afrika kwa bahati mbaya, imewasuta zaidi. Baba alikuja na jahazi. Mama alikuwa papa hapa, nyumbani kwake. Na ushahidi tulikuwa nao vinywani siku zote bila kuhitaji maabara: mtoto husema lugha ya mamake. Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu na ya Kiajemi, lakini uti wake wa mgongo ni wa Kibantu.

Asiyeandikwa

Sasa narudi kwenye shajara yetu ukumbini. Kila mtu ana wazazi 2, mabibi na mababu 4, na juu yao 8. Ukipanda hivyo vizazi 14, utapata nafasi 16,384. Huenda mtu mmoja akazijaza nafasi zaidi ya moja, kwa kuwa jamaa huoana, lakini hesabu ni hiyo. Katika nafasi hizo zote za kizazi cha mwisho, shajara yetu yamtaja mtu mmoja. Hao wengine 16,383 hatukuwatundika.

Wengi wao ni wanawake, na baadhi yao, tuseme kweli, hawakuja kwa hiari. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani yetu ya Kenya hadi mwaka 1907. Katika nyumba nyingi za kiungwana palikuwa na masuria, na sheria yetu ilimpa mtoto wa suria nasaba ya babake na uungwana kamili. Hiyo ilikuwa rehema kwa mtoto. Lakini sisi tukaifanya kuwa pazia la kumfichia mama.

Pazia hilo nami nimelishika. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alileta posa kwa binti wa jamaa yetu. Kijana ana dini, ana elimu, na kazi yake ni ya ualimu. Pakatokea mtu akanong'ona kwamba bibi wa bibi yake "si wa mji". Wazee wakakaa, nami nikaitwa, kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa karatasi za ukoo. Nikaombwa nisome shajara ili ijulikane kwamba watu wale si kufu yetu. Nikaisoma, jina kwa jina, kwa sauti nzuri ya mtu aliyesoma chuo. Posa ikarudishwa. Binti yule huniamkia mpaka leo, lakini hanitazami usoni.

Najua vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ya Shafi vina mlango wa kufu, na nasaba imo humo. Lakini vitabu hivyo hivyo vyasema hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, nao waweza kuisamehe. Na juu ya vitabu ipo Suratul Hujurat, aya ya 13, tuliyoihifadhi sote: tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora ni mcha Mungu. Mtume (S.A.W.) alimwoza Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, binti wa shangazi yake mwenyewe. Katika masahaba zake alikuwapo Bilal Mhabeshi, Salman Mwajemi na Suhaib aliyeitwa Mrumi. Na kubwa kuliko yote: nasaba ya Mtume mwenyewe yapanda kwa Nabii Ismail, na mamake Ismail ni Bibi Hajara, mjakazi kutoka Misri. Kila mwaka mahujaji, masharifu na wasio masharifu, hukimbia baina ya Safa na Marwa kwa kufuata nyayo za mjakazi huyo. Basi ni nani katika sisi mwenye nasaba safi kuliko hiyo, hata aone haya ya bibi yake?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapo hapo Lamu, Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilil, ambaye shajara yake hakuna awezaye kuitia doa, alikwenda kuwafundisha wanyonge wa mji, wakiwamo waliotoka utumwani, wakati wakubwa wengi hawakutaka kuwaona darasani. Akawapa elimu, na akawapa Maulidi ya Habshi pamoja na matari. Wako waliomlaumu kwa matari hayo. Leo Msikiti wa Riyadha ni fahari ya mji mzima, na waliomlaumu hatuwajui. Miaka mingi kabla ya Woodstock, mtu mwenye nasaba aliwakusanya wasio na nasaba kwa muziki na kumtaja Mungu, bila bangi na bila kumkana babake.

Na katika hao mahipi pia alitoka mmoja wa kutufunza. Cat Stevens, aliyezaliwa London mwaka 1948, baba Mgiriki wa Kupro na mama Mswidi, alikuwa miongoni mwa waimbaji waliopendwa mno wa zama zile. Aliponea chupuchupu kuzama baharini huko Marekani, nduguye akamletea msahafu kutoka Jerusalem, na mwaka 1977 akasilimu. Akajiita Yusuf Islam. Mwaka 1979 aliuza magitaa yake kwa ajili ya sadaka, na mwaka 2006 akarudi kuimba. Katika safu ya sala hakuna aliyemwuliza asilimia zake. Kaseti ya nahodha, nilipoitazama jioni ile, ilikuwa yake.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Hipi alikosea alipodhani mtu aweza kuishi bila asili, na ndiyo sababu wajukuu wake wanainunua kwa dola. Sisi nasi tumekosea kudhani asili ni baba peke yake. Mtume alituagiza tujifunze nasaba zetu ili tuunge udugu. Nasaba inayokata udugu imeacha kazi yake. Hatuna haja ya kutema mate wala ya kuzitupa shajara. Tuzitimize. Kila ukoo ukae na wazee wake, ingali wangali hai, uandike majina ya mabibi: nani, ametoka wapi, alisema lugha gani.

Jioni ile, karibu na magharibi, wengine walipokwisha kwenda kutawadha, ami alinishika mkono. Alisema bibi yake mzaa baba aliletwa akiwa mtoto mdogo, na kwamba akiwabembeleza wajukuu usiku kwa nyimbo za Kiyao, watu wazima wakamkataza. Kisha akanitajia jina lake, lile la kwanza, si lile alilopewa hapa. Kwa miaka 70 na zaidi hakupata kumtajia mtu. Jina hilo si la gazeti. Lakini nimekwisha kuagiza shajara yetu ishushwe ukutani, mwenye khati aliandike mahali pake, na itakaporudi nitamwita binti yule nimsomee tena.

*Shajara twaitundika, baba zetu ukutani,*
*Mama hakuandikika, alotulea nyumbani,*
*Swala ikisimamika, hapimwi mtu safuni,*
*Hajara twamkumbuka, mama pweke wa jangwani.*